Kabla Afande Hajawa Diwani

Kuna kizazi cha wanajeshi wa Tanzania ambacho sasa kinavua kombati. Ni wale walioandikishwa miaka ya mwanzo ya 1990, baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea tarehe 1 Julai 1992. Kijana aliyeingia depo mwaka 1993 akiwa na miaka ishirini, leo amevuka hamsini. Anarudi kijijini au mtaani kwake akiwa na kiinua mgongo, nguvu bado zipo, watu wanamheshimu, na jina la "Afande" halimtoki tena. Haupiti muda mrefu majirani wanaanza kumshawishi agombee: uenyekiti wa kijiji, udiwani, hata ubunge. Wengine hawafiki kwenye kugombea, kwa sababu uteuzi huwatangulia. Wakuu wa mikoa na wilaya waliotoka jeshini si wageni kwetu.

Sina ubishi na hilo. Mtu aliyelala porini kulinda mpaka, akajifunza kuwahi, kutunza mali ya umma na kukaa na watu wa makabila yote kwenye hema moja, ana mengi ya kuwapa raia wenzake. Ninachotaka kukichambua ni maandalizi yake. Kwa miaka thelathini ameishi mahali ambapo Katiba yenyewe, ibara ya 147, inamkataza kujiunga na chama chochote cha siasa na kumwachia haki ya kupiga kura tu. Anapotoka hapo na kukabidhiwa watu wenye haki ya kumpinga, kumhoji na kumwondoa, ni wapi alipofundishwa kukaa nao? Kwa hali ilivyo sasa, hakufundishwa popote. Na anachokosa si mbinu za kampeni, hizo atafundishwa na wapambe ndani ya wiki mbili. Anachokosa ni mazoea ya kujadiliana kwa heshima na mtu asiyelazimika kutii amri yake.

Ili kuelewa pengo hili lilivyotokea, inabidi turudi nyuma hadi Januari 1964. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliwaasi maofisa wao wa Kiingereza. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara, na maofisa Waafrika kushika nafasi za wageni. Siku chache baadaye moto ukashika Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, ambayo yaliwanyang'anya waasi silaha tarehe 25. Ukiyatazama madai yale leo, unaona yalikuwa mambo ya kuzungumzwa mezani. Lakini meza haikuwapo. Askari hakuwa na mahali halali pa kusema neno likafika juu, na aliyekuwa juu hakuwa na desturi ya kusikiliza.

Jeshi lile lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na safari hii wakatafutwa vijana wa chama tawala, TANU. Wanajeshi wakaruhusiwa kuwa wanachama, matawi ya chama yakafunguliwa makambini, makamisaa wa siasa wakafundisha. Jakaya Kikwete aliwahi kuwa mkufunzi mkuu wa siasa katika chuo cha maofisa cha Monduli. Ilipofika 1992 na wanajeshi wakatakiwa kuchagua kati ya siasa na sare, yeye aliacha jeshi akiwa Luteni Kanali. Miaka kumi na mitatu baadaye akawa Rais.

Mfumo ule ulikuwa na kasoro kubwa, nami siutamani urudi. Ulimfundisha mwanajeshi kujadiliana ndani ya chama kimoja, na mwenye mawazo ya nje ya chama hicho hakuwa na kiti. Hata hivyo ulimpa kitu: alikaa vikaoni, akasikia hoja, akajibu hoja. Mwaka 1992 mlango ule ulifungwa, na ulifungwa kwa haki kabisa, kwa sababu nchi ya vyama vingi haiwezi kuwa na jeshi lenye kadi ya chama kimoja. Kosa ni kwamba hatukufungua mlango mwingine upande wa kutokea. Maofisa wa rika la Kikwete na Kanali Abdulrahman Kinana walivuka kuja kwenye siasa wakiwa na shule yao, hata kama ilikuwa ya upande mmoja. Wanaotoka leo wanatoka mikono mitupu.

Tuseme sasa sajenti mstaafu amechaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka kumi na minane na kuendelea ni mjumbe. Taarifa ya mapato na matumizi imesomwa. Mama mmoja anasimama chini ya mwembe, mtoto mgongoni, anauliza: "Mwenyekiti, ile simenti ya zahanati tuliyochangia iko wapi? Mbona ukuta uko vilevile tangu masika?" Watu wananong'ona, wengine wanacheka.

Sikio lililolelewa gwarideni linasikia hapo ukaidi. Kwa miaka thelathini, sauti ya kuhoji mbele ya kikosi ilikuwa na maana moja tu, na dawa yake ilijulikana. Akimwambia, "Mama, kaa chini, kuna utaratibu wa kuuliza," mkutano utanyamaza. Yeye atadhani amerudisha nidhamu. Ukweli ni kwamba mkutano ujao watakuja nusu, na ule wa baada yake robo, na maswali ya simenti yatahamia kilabuni na kisimani ambako hakuna wa kuyajibu. Kiongozi aliyefunzwa angemjibu hivi: "Mama anauliza simenti yetu imekwenda wapi na kwa nini ujenzi umesimama. Nimekuelewa sawasawa, mama?" Kisha angempa mtunza stoo nafasi aeleze, na kama maelezo hayatoshi, angeomba mkutano uchague watu watatu wakahesabu mifuko, yule mama akiwa mmoja wao.

Sentensi ile ya kwanza, ya kurudia hoja ya mwenzako kwa namna ambayo mwenyewe atasema ndivyo, ndiyo kiini cha majadiliano ya kisiasa yenye heshima. Wengi hudhani heshima hapa ni kusema kwa sauti ya chini na kuepuka mambo yenye kuuma. Hapana. Unaweza kumpinga mtu vikali na ukamheshimu, mradi umeipinga hoja aliyoitoa kweli, si ile uliyomtungia. Inahitaji pia kutenganisha mtu na msimamo wake: aliyepinga ushuru wa mazao leo si adui wa kijiji, na kesho mtahitaji kura yake kwenye suala la maji. Na inahitaji kujua kuuliza swali bila kulifanya mahojiano ya mtuhumiwa, jambo gumu kuliko linavyoonekana kwa mtu aliyezoea kupokea taarifa badala ya mazungumzo.

Habari njema ni kwamba jeshi lenyewe lina mbegu ya desturi hii. Majeshi mengi hufanya tathmini baada ya zoezi. Jeshi la Marekani liliikuza sana njia hiyo katika kituo chake cha mafunzo cha Fort Irwin, kwenye jangwa la Mojave, California. Kikosi kikimaliza zoezi, aghalabu baada ya kushindwa vibaya na kikosi cha mazoezi kinachocheza upande wa adui, wote huketi pamoja, kuruta na kamanda. Wanajiuliza: tulipanga nini, nini kilitokea, kwa nini kikawa hivyo, na safari ijayo tufanye nini. Cheo huwekwa kando kwa muda huo. Koplo ana ruhusa ya kusema kwamba amri ilichelewa kufika, na meja ana wajibu wa kusikiliza bila kununa. Linalojadiliwa ni tendo, wala si mtendaji.

Askari aliyepitia tathmini za namna hiyo tayari anajua kwamba kukosolewa hakumpunguzii mtu heshima. Kinachobaki ni kumwonyesha kwamba mkutano wa kijiji na baraza la madiwani ni mahali pa kazi hiyohiyo, isipokuwa kwamba huko uraiani hakuna anayerudi kwenye cheo chake mkutano ukiisha. Nadhani hapa ndipo mafunzo yoyote yaanzie, kwa sababu humkuta mwanajeshi kwenye kitu anachokiamini tayari.

Eneo letu la Afrika Mashariki lina mtu aliyelionyesha hili kwa kiwango kikubwa. Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo alikuwa Kamanda wa Jeshi la Nchi Kavu la Kenya wakati akisuluhisha vita vya Sudan kwa niaba ya jumuiya ya kikanda ya IGAD, vita vilivyoanza 1983 na kuangamiza watu wapatao milioni mbili. Julai 2002 alizifikisha pande mbili kwenye Itifaki ya Machakos. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2003, wasuluhishi waliandika rasimu ya suluhu yote kwa ujumla na kuiweka mezani Nakuru. Serikali ya Khartoum iliikataa kwa hasira, na ilionekana kana kwamba kazi yote imeharibika. Naliona tukio lile kuwa na somo zito kwa kila mwanajeshi: rasimu ilikuwa imefikiriwa vizuri, lakini ilishuka kutoka juu kama amri ya siku, na wenye ugomvi hawakujiona ndani yake. Kilichofungua njia ni mazungumzo ya ana kwa ana ya John Garang wa upande wa waasi na Ali Osman Taha wa upande wa serikali huko Naivasha, kuanzia Septemba 2003, msuluhishi akikaa pembeni na kusubiri. Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Jenerali alikuwa na uwezo wa kuamuru jeshi zima, na kazi kubwa kuliko zote aliifanya kwa watu ambao hakuwa na mamlaka nao hata kidogo.

Kikwete naye alifika Nairobi Februari 2008, Kenya ikiwa inavuja damu baada ya uchaguzi. Akiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika aliketi na Mwai Kibaki, Raila Odinga, Kofi Annan na Benjamin Mkapa, akaeleza jinsi Tanzania inavyoendesha serikali yenye Rais na Waziri Mkuu. Makubaliano yalisainiwa tarehe 28 mwezi huohuo. Hakwenda kuamuru, alikwenda kueleza, na maelezo yalifika mahali ambapo vitisho visingefika.

Uganda inatupa picha mbili zinazopingana, na zote zinatufaa. Katiba na sheria zake zimelipa jeshi viti kumi bungeni. Mtu angetarajia viti hivyo viwe darasa la majadiliano. Lakini mwaka 2005 Brigedia Henry Tumukunde, akiwa mbunge wa jeshi, alisema redioni maoni yasiyopendwa na wakubwa wakati nchi ikibishana kuhusu ukomo wa mihula ya Rais. Alilazimishwa kuachia kiti na akafikishwa mahakama ya kijeshi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni kuwaingiza wanajeshi walio kazini kwenye vyombo vya siasa. Mtu aliye chini ya amri hajadiliani, anawakilisha amri.

Picha ya pili ni Meja Jenerali Mugisha Muntu. Aliingia msituni na jeshi la waasi la NRA akitoka Chuo Kikuu cha Makerere, akawa Mkuu wa Jeshi tangu 1989 hadi 1998, kisha akakaa katika Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, kwa muongo mzima. Miaka mitano ya kwanza Spika wa bunge hilo alikuwa Kinana. Hebu tafakari hilo: mkuu wa jeshi mstaafu wa Uganda anainua mkono, anasubiri kanali mstaafu wa Tanzania ampe nafasi, anasema dakika zake, anaketi. Kwa cheo cha kijeshi aliye sakafuni alimzidi aliye kitini, na halikuwa tatizo kwa yeyote, kwa kuwa kanuni za bunge ndizo zilizoamua. Muntu alishinda uongozi wa chama cha upinzani cha FDC mwaka 2012, akaupoteza kwa Patrick Amuriat Novemba 2017, akakubali matokeo. Baadaye alianzisha chama chake kwa njia ya wazi. Wapo wanaomwona mpole mno kwa siasa za Uganda. Mimi namwona ushahidi kwamba jenerali anaweza kupoteza kura na maisha yakaendelea.

Nje ya Afrika Mashariki, nchi ambayo imelifanya jambo hili kuwa mradi wa makusudi ni Marekani, na mmoja wa waanzilishi wa mradi huo alianzia kazi yake Kibera, Nairobi. Rye Barcott alifika Kibera mwaka 2000 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, akijiandaa kuwa ofisa wa Marine. Alimpa muuguzi Tabitha Atieno Festo dola 26 za mtaji wa mboga, na biashara hiyo ndogo ikazaa kliniki. Mwaka 2001 wao wawili pamoja na Salim Mohamed walianzisha Carolina for Kibera, shirika lililojulikana kwa ligi ya soka ambamo timu zilitakiwa kuchanganya makabila na kushiriki usafi wa mtaa. Barcott akaenda Bosnia, Pembe ya Afrika na Iraki akiwa na sare. Mwaka 2017 alishiriki kuanzisha With Honor, taasisi inayowaunga mkono wagombea waliotoka jeshini, wawe Republican au Democrat, kwa sharti la kusaini ahadi.

Ahadi hiyo ndiyo inayonivutia, kwa kuwa haikuishia kwenye maneno makubwa ya uadilifu, staha na ujasiri. Inamtaka mbunge akutane ana kwa ana na mtu wa chama kingine angalau mara moja kwa mwezi, na afanye kazi na mwenzake wa chama kingine kwenye muswada mkubwa angalau mmoja kwa mwaka. Hayo ni mambo unayoweza kuyahesabu. Mtu huwezi kumwambia "kuwa na staha" ukarudi kupima, lakini unaweza kumuuliza: mwezi uliopita ulikunywa chai na nani wa upande wa pili? Mwaka 2019 wabunge wa vyama vyote viwili waliotoka jeshini waliunda kundi lao la pamoja bungeni kwa msingi huohuo. Upande wa elimu, Chuo Kikuu cha Syracuse jimboni New York kina mafunzo kwa wastaafu na familia za wanajeshi wanaofikiria siasa, bila kujali chama.

Kwa nini Wamarekani wanahangaika hivyo? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya wabunge saba katika kila kumi wa Congress walikuwa wamewahi kuvaa sare. Sasa hawafiki wawili katika kumi, na mgawanyiko wa vyama umekuwa mkali. Na tarehe 6 Januari 2021, bunge lao lilipovamiwa, miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo wanajeshi wastaafu. Sare peke yake haimfundishi mtu kukubali kushindwa kwa kura. Wala ahadi haina polisi, kwa hiyo aliyesaini anaweza kuivunja. Lakini mazoea yaliyohesabika kila mwezi yana nguvu ambayo semina ya siku mbili yenye posho na fulana haina.

Sasa kwetu. Ningependa mwaka wa mwisho wa utumishi uwe na kikao cha mara kwa mara kati ya wanaojiandaa kustaafu na raia wa eneo husika: mwalimu, mfugaji, dereva wa bodaboda, mama lishe, makada wa vyama tofauti. Vyeo vibaki nje. Uenyekiti uzunguke, ili sajenti aongoze leo na kesho aongozwe na binti wa miaka ishirini na mbili. Mada ziwe zile zinazogombanisha watu kweli: mpaka wa shamba na malisho, ushuru, michango ya shule. Kila anayetaka kupinga, kwanza arudie hoja ya anayempinga mpaka mwenyewe akubali. Mwishoni kifanyike kile wanachokijua vizuri, tathmini.

Kuna watakaosema hii ni kurudisha siasa kambini. Ni hoja ya haki na inastahili jibu. Vikao vifanyike nje ya kambi, visiwe chini ya chama chochote, na pasiwe na kuandikisha wanachama. Anayejifunza kuendesha mkutano na kusikiliza hajajiunga na chama, kama ambavyo hakimu anayejifunza sheria hajawa wakili wa mtu. Kumwacha bila mafunzo ndiko kunakomtupa mikononi mwa chama cha kwanza kitakachobisha hodi.

Vyombo vya kuanzia vipo. Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, kinawaweka darasa moja maofisa wakuu wa jeshi na watumishi waandamizi wa serikali kwa muda mrefu, na hiyo ni faida kubwa kwa mabrigedia. Koplo na sajenti, ambao ndio wengi wanaorudi vijijini, hawafiki Kunduchi. Kituo cha Demokrasia Tanzania kina uzoefu wa kukalisha vyama vinavyopingana meza moja. Wastaafu wenyewe wana muungano wao, MUWAWATA, na wenzao wa Kenya wana DEFOCA. Naviomba vyombo hivi vikutane, na viwaanze walio chini kwanza, wake kwa waume, kabla ya wenye nyota mabegani.

Na kwako msomaji: Afande mstaafu akija kuomba kura yako, usimuulize alipigana wapi. Mpinge jambo moja mbele ya watu, kwa adabu, uone anavyokujibu. Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa Tanzania ni mwaka 2029, na wengi watakaogombea wakiwa wastaafu bado wako kambini leo.